Kitambaa Juu ya Tosta ya Mama Amoding

Juma hili, mafundi wangu wa dukani, mmenipigia simu mara tatu. Mara ya kwanza mlitaka kujua ni bisibisi gani inafungua mgongo wa ile oveni ndogo. Mara ya pili mlikuwa mmeipoteza hiyo bisibisi. Mara ya tatu mmoja wenu akaniuliza kwa nini ukutani mwa karakana kunaning'inia kitambaa cha kroshia chenye mfuko kwenye pembe, na kama anaweza kukitumia kupangusia grisi. Ala! Hapo nikaliweka jembe chini, nikatafuta daftari.

Mimi Perpetua Nabwire nimefunga na kupima vyombo vya stima Busia na Malaba tangu kabla wengine wenu hamjazaliwa. Mambo ya mshahara siandiki, hayawezi kujaza hata mstari. Vyeo pia siandiki. Nilianza nikiitwa fundi, nikamaliza nikiitwa fundi. Katikati kuna mwaka waliniita msimamizi, lakini hakuna aliyenisikiliza zaidi ya zamani.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya kanisani, kwa sababu nyumbani kwetu Nangina mama aliniambia kazi ya dukani ni kazi safi. Nilikabidhiwa kwa Mzee Ogola, mtu wa Osieko, aliyejifunza ufundi akitengeneza friza za samaki kule ufuoni mwa ziwa. Alikuwa mfupi na mpole, na hakugusa chombo kabla ya kukinusa. Akanipa birika la stima lenye plagi ya pini mbili, akaniambia nilipime.

Nikafanya kama nilivyoona watu wote wakifanya. Nikachomoa kalamu kwenye nywele, nikaisukuma kwenye tundu la juu la soketi mpaka vile vifuniko vya ndani vikafunguka, nikaingiza zile pini mbili kwa nguvu. Birika likawaka. Nikageuka nikitabasamu, nikitegemea kusifiwa.

Mzee Ogola akaenda kuzima swichi kubwa ya ukutani. Akavuta kiti, akaketi.

"Nabwire, hiyo kalamu umesomea wapi?"

"Mzee, kila mtu anafanya hivyo."

"Kila mtu hajaajiriwa hapa."

Halafu akanieleza taratibu. Tundu la juu ni la athi, yaani ule waya wa kijani na njano unaoteremsha stima ardhini chombo kikiharibika. Bila huo waya, stima iliyopotea hutafuta njia nyingine ya kushuka, na mara nyingi njia hiyo ni mama anayepika bila viatu kwenye sakafu yenye maji. Juma zima lililofuata nilifunga plagi za pini tatu tu, mpaka vidole vikaota sugu. Kalamu yangu aliichukua na hakunirudishia mpaka alipostaafu. Nilikuta ameifunga kwa karatasi kama zawadi. Nililia, sioni haya kusema.

Mzee alikuwa na sheria mbili. Ya kwanza, chombo hakijafungwa mpaka kimepimwa kikifanya kazi yake yenyewe, hivyo friza igandishe na oveni ichemshe. Ya pili ilikuwa, "Usitoke kwa mtu kabla mwenyewe hajawasha kwa mkono wake. Wewe ukiwasha, umejifundisha wewe." Kwa sheria ya kwanza nilinunua glasi nene yenye maua mekundu, nikawa naibeba kwenye soksi pamoja na mita ya kupimia stima na tesita. Kila maikrowevu niliyofunga ilichemsha maji kwenye glasi hiyo. Ilianguka mara nyingi na haikupasuka. Nyinyi mlikuwa mkiicheka, nawajua.

Tulicheka pia sisi. Kuna mpishi wa hoteli moja Malaba, pale malori yanapopanga foleni ya mpaka, aliyetuita akisema maikrowevu yake mpya inatoa cheche. Nilifungua mlango nikakuta lile bamba la kahawia la ukutani ndani halipo.

"Hiyo karatasi?" akasema kwa fahari. "Niliibandua, boss. Ilikuwa ya pakiti."

Siyo ya pakiti! Lile bamba linazuia mvuke na mafuta yasiingie mahali mawimbi yanapotokea. Mkiona mteja ana ukucha mrefu na bidii nyingi, mwonyesheni bamba hilo kabla hamjaondoka.

Halafu zikaja zile za mbili kwa moja, maikrowevu yenye tosta ubavuni, midomo miwili ya kuingizia mkate ikitazama juu. Mimi nilizipenda tangu siku ya kwanza. Ila zina tabia mbili kwa jina moja. Maikrowevu inapasha chakula na bati lake la nje linabaki na uvuguvugu tu, lakini tosta ni moto wenyewe, na moto huo unapanda juu. Kwa hiyo zinataka soketi yao peke yao ukutani, bila ekstensheni iliyobeba redio na simu tano. Zinataka nafasi pia, kiganja kizima nyuma na ubavuni, na juu wazi kabisa. Hayo yote nilikuwa nayajua kwa moyo. Sasa sikieni jinsi yalivyonisaidia.

Miezi michache kabla sijastaafu, tuliuza moja kwa mwalimu aitwaye Okisai, anayefundisha Nakuru na kuishi huko peke yake. Alikuwa anamnunulia mama yake, Mama Amoding wa Adungosi. Mama huyo macho yalikuwa yamefifia, na jiko la kuni lilikuwa limemuunguza mkono mara mbili mwaka ule. Nilipofika kuifunga nilimkuta Okisai mlangoni, na kando yake begi kubwa la buluu, tupu.

"Fundi, nakwambia mbele yake ili asikatae kesho," alisema. "Akiweza kupika na hii bila kuungua, abaki hapa. Kukitokea moto hata mara moja, anaingia kwa gari tunaenda Nakuru. Begi ndilo hilo."

"Nakuru kwenye ghorofa ya nne," Mama Amoding akaniambia, kama Okisai hayupo. "Nitaongea na nani, fundi? Na lifti?"

"Hakuna lifti, Toto," Okisai akasema. Toto ni mama kwa Kiteso.

"Unaona? Hata lifti hakuna."

Nilimpenda pale pale. Mikono yake haikutulia. Alikuwa anafuma kroshia huku akitugombeza, bila kutazama uzi. Kila Jumatano wanawake wa soko la Adungosi walikuja kwake kujifunza kufuma. Kumtoa pale ilikuwa ni kumtoa kwa watu wake wote, na mimi ndiye niliyeshika mita.

Nikapima soketi. Stima nzuri, athi hakuna. Nikazunguka nyuma ya nyumba kufuata waya mpaka kwenye ile nondo inayochimbiwa ardhini. Nondo ilikuwepo, imelala upande, na mbuzi amefungwa juu yake.

"Mama, nani alifunga mbuzi kwenye athi?"

"Hicho si kigingi?"

"Siyo kigingi, Mama."

"Basi kimenisaidia miaka mitatu," akasema, na hakuomba msamaha.

Mbuzi akahamishiwa kwenye mpera. Niliigongomea nondo mpaka ikazama kwenye ule udongo mwekundu mgumu, nikafunga kibanio kipya, nikamwaga ndoo mbili za maji kuzunguka, nikapima tena. Namba ikashuka mpaka mahali ninapopataka. Nikarudi jikoni nikachagua meza imara, mbali na pazia. Nikatoa karatasi zote, nikazungusha mlango kwa vidole kuona kama umekaa sawa, nikamwonyesha Mama lile bamba la kahawia na kumwapisha kwamba hatalibandua. Kwa sababu ya macho yake, nilidondosha rangi ya kucha juu ya vitufe mpaka ikawa chunusi ngumu. Chunusi moja ni dakika moja, mbili ni kuzima. Akazipapasa akacheka.

Tukawasha tosta kwanza bila mkate, madirisha wazi, ili mafuta ya kiwandani yaungue yaishe. Ikatoa moshi kidogo na Okisai akashtuka akatazama begi. Nikamwambia atulie, hiyo ni kawaida ya mara ya kwanza. Kisha nikatoa glasi yangu kwenye soksi. Mama akaiweka ndani mwenyewe, akabonyeza chunusi moja mwenyewe. Dakika ilipoisha akaigusa glasi akaruka.

"Woi! Maji yameiva na moto siuoni!"

Basi ikawa sherehe. Majirani walikuwa wamesimama dirishani tangu nilipofika, wakaingia wote. Mkate ukaingia tosta, ukaruka juu, mama mmoja akapiga kelele, wengine wakashangilia. Mwingine akasali sala ndefu ya kubariki chombo, akamtaja hadi aliyekibuni. Tulikula mkate wote wa nyumba ile na mwingine ukaletwa na bodaboda.

Mwisho Mama Amoding akaingia chumbani akatoka na kitambaa. Cheupe, pindo la njano, maua manne ya njano katikati. Alikuwa ameanza kukifuma siku aliposikia oveni inakuja. Akashika pembe mbili, mimi nikashika mbili, tukakitandika juu ya oveni, kikaning'inia pande zote kama nguo ya Pasaka. Sote tukasema kimependeza. Okisai akapiga picha kwa simu. Nikapanda bodaboda nikaenda zangu nikiimba.

Nimewaandikia kila kitu nilichofanya siku ile. Mmeona? Mimi sikuona.

Jumamosi iliyofuata simu ikalia asubuhi. Okisai.

"Fundi, mashine yako imewaka moto. Jirani alinipigia jana, nimefika sasa hivi. Napanga nguo za mama."

Sikumbuki nilivyofika Adungosi. Nakumbuka nilivaa kofia ya bodaboda nyuma mbele. Jikoni kulinuka uzi ulioungua. Mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha kona, mikono mitupu mapajani, na hiyo ndiyo iliyoniumiza, ile mikono kutulia. Begi la buluu lilikuwa wazi, gauni mbili ndani tayari.

"Mama, ilikuwaje?"

"Ilitoa moshi tu. Nilibonyeza chunusi, moshi haukukoma, nikachomoa waya. Sikuungua."

"Mara hii," Okisai akasema.

Nikaanza kazi. Plagi nzuri, waya mzima, fyuzi nzima, athi nzuri, mlango umekaa. Nikavuta trei ya makombo chini ya tosta. Ndani, katikati ya makombo, kulikuwa na nyuzi nyeusi na tone la njano lililoyeyuka likaganda. Nikamtazama Mama. Mama akatazama dari. Kitambaa hakikuwepo juu ya oveni.

Okisai aliona nilichoona. Akaingia chumbani, akarudi nacho mkononi. Kilikuwa kimefichwa kwenye debe la unga, na kati ya maua manne mawili yalikuwa mashimo.

"Amefunika moto kwa kitambaa," akasema, na sauti yake haikuwa na hasira, ilikuwa na huzuni. "Fundi, umejaribu. Lakini unaona mwenyewe. Huyu hawezi kuishi peke yake."

Mnaijua ile fomu yetu ya malalamiko. Kuna mstari wa sababu, na maneno rahisi kuliko yote kwenye mstari ule ni "kosa la mtumiaji". Nimeyaandika mara nyingi, na mara nyingine yalikuwa kweli. Siku ile ningeyaandika, duka lingebaki safi, na mimi ningestaafu na jina langu bila doa. Nilikuwa nimeshafungua kalamu. Ile kalamu, mnajua ipi.

"Mwalimu," nikasema, "hebu fungua simu yako. Picha ya siku ile."

Akaitafuta. Hapo kwenye kioo niko mimi, meno yote nje, nimeshika pembe mbili za kitambaa juu ya tosta kwa mikono yangu miwili.

"Nilimwambia asiweke chuma," nikasema. "Nikamwambia asiwashe maikrowevu ikiwa tupu. Nikamwambia ekstensheni, kalamu, bamba, kila kitu. Kitambaa sikumwambia, kwa sababu kwangu nyumbani televisheni ina kitambaa, redio ina kitambaa, friji ina kitambaa, hata mtungi wa maji ya kunywa una chake. Hukumpa mgeni heshima kama hujamvisha. Mama amefuata nilichomwonyesha. Kosa ni langu."

Nikaandika hivyo hivyo kwenye fomu, kosa la fundi, nikatia sahihi.

Okisai hakuirudisha simu mfukoni. Aliitazama picha muda mrefu, mdomo ukaanza kumcheza, lakini akajizuia.

"Sawa. Lakini atakifunika tena. Mimi namjua mama yangu."

"Ndiyo nitakifunika tena," Mama Amoding akasema kutoka kwenye kona. "Kitu kizuri hakikai uchi jikoni mwangu. Fundi, nipe mkia wake."

"Mkia gani?"

"Ule unaoingia ukutani."

Nikampa plagi. Akaipapasa, pini tatu, mgongo, shingo ya waya, polepole, kama anavyopima kichwa cha mtoto kabla ya kumfumia kofia. Kisha akatoa kitambaa kingine kwenye sanduku, alikuwa navyo vingi, akachukua sindano yake ya kroshia na uzi. Sisi tukakaa, Okisai akatumiminia chai. Mimi nilitumia muda huo kusafisha midomo ya tosta, kutoa kila uzi, na kupima tena bati lote. Chombo kilikuwa kizima. Chai ilikuwa bado haijapoa Mama alipokata uzi kwa meno.

Kwenye pembe ya kitambaa kulikuwa na mfuko mdogo, umekaa sawasawa na plagi, wenye kifungo.

"Mkia usipokuwa mfukoni," akasema, "nguo havai."

Mungu wangu! Nimefanya kazi na watu waliosomea stima mpaka vyuo vya Uganda, na hakuna aliyewahi kunionyesha kitu rahisi hivyo. Plagi ikiwa mfukoni haiwezi kuwa ukutani. Lakini sheria ya Mzee Ogola ni sheria, lazima kitu kipimwe kikifanya kazi yake. Nikamwomba Mama leso, nikamfunga macho kabisa. Akavua kitambaa, akafungua mfuko, akaingiza plagi ukutani, akaweka mkate, ukaruka. Akachomoa plagi. Nilidhani atavisha, lakini akanyanyua kiganja juu ya midomo ya tosta, kwa mbali, akasubiri.

"Bado ina homa," akasema. Akasubiri tena. Kisha mfuko, kisha kitambaa.

Alirudia hivyo mara nne, na mara zote nne hakukosea. Nikamfungua leso nikamfunga mwanawe. Okisai, mwalimu mwenye digrii, alichomoa, akatia mkia mfukoni, na akaenda kuvisha kitambaa moja kwa moja bila kusubiri. Mama akamchapa kofi mkononi.

"Toto!"

"Toto nini? Ungeniunguzia nyumba!"

Hapo ndipo kicheko alichokizuia tangu asubuhi kikamtoka. Alicheka amefungwa leso, amekaa sakafuni, machozi yakilowesha leso. Nami nikacheka mpaka nikashika meza. Alipojifungua alikwenda kwenye begi, akatoa zile gauni mbili, akazitundika tena kwenye misumari yake. Mama akachukua uzi wake, mikono ikaanza kwenda. Mimi nikaitoa glasi yangu kwenye soksi nikaiacha juu ya meza yake. Sikuwa na pengi pa kuibeba tena, na chombo kilikuwa kimepata mtu wa kukipima.

"Eyalama noi," akaniambia. Asante sana. Nikaitikia kwa Kisamia, lugha ya kwetu Nangina.

Kile kitambaa cha kwanza cha mfuko alikituma dukani kupitia kwangu, ndicho hicho ukutani. Kipangusieni grisi muone nitakavyofika huko na bodaboda ya kwanza. Mkienda kufunga zile za mbili kwa moja, nendeni nacho, mkaonyeshe.

Jumapili nilipita Adungosi baada ya kanisa kupima mara ya mwisho, nikamkuta Okisai akijiandaa kurudi kazini. Begi la buluu lilikuwa limejaa hadi zipu inagoma. Chini viazi vitamu, juu yake karanga, juu ya karanga simsim, na juu kabisa kitambaa kipya, pindo la buluu, mfuko kwenye pembe.

"Cha nani hicho?" nikamuuliza Mama.

"Chake," akasema. "Ana tosta huko Nakuru, na anaishi peke yake. Mimi nina wasiwasi naye."